Piramidi ya kaburi la Pakal huko Palenque: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu jengo moja, Hekalu la Maandishi la Palenque, na mfalme aliyelazwa chini yake. Yameanza na ya msingi. Yenye utata yako kuelekea mwisho.

## Mambo ya msingi

Hii ni piramidi gani, na iko wapi?

Iko kwenye magofu ya mji wa Palenque, jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Mji ulijengwa pale milima inapokoma: nyuma msitu mnene na mabonde yenye chemchemi, mbele tambarare ya Tabasco inayoshuka kuelekea Ghuba ya Meksiko. Wenyeji wa kale waliuita Lakamha', yaani maji makubwa, na mto Otolum bado unapita katikati ya magofu, sehemu yake ndani ya mfereji waliouezeka kwa mawe. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Piramidi yenyewe ina kitako chenye upana wa kama mita 60 na kimo cha kama mita 27. Ni majukwaa manane yaliyopandana, na juu yake kuna jengo la hekalu lenye milango mitano, hivyo wengi huhesabu tabaka tisa. Ngazi ya mbele ina vidato 69. Jina "Hekalu la Maandishi" limetokana na mabamba matatu ya mawe yaliyo ndani ya hekalu, yenye jumla ya alama 617. Ni miongoni mwa maandishi marefu kabisa yaliyoachwa na Wamaya, watu waliojenga mji huu.

Aliyezikwa humo ni nani?

K'inich Janaab' Pakal, mfalme wa Palenque. Alizaliwa Machi 603, akatawazwa Julai 615 akiwa na miaka 12, akafa Agosti 683 akiwa na miaka 80. Alikaa kwenye kiti kwa miaka 68, muda ambao wafalme wachache sana duniani wameufikia.

Alirithi mji uliojeruhiwa. Mahasimu wao kutoka Calakmul, mji mwingine wa Wamaya, waliushambulia Palenque mwaka 599 na tena mwaka 611, miaka minne tu kabla mtoto huyu hajatawazwa. Aliyemvisha taji alikuwa mama yake, Sak K'uk'. Baba yake, K'an Mo' Hix, hakuwa mfalme. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kaburi hili limejaa sura na majina ya mababu: ukoo ulikuwa na haja ya kuonyesha kwamba mnyororo haukukatika.

Mbona tarehe zake zinatofautiana kati ya kitabu kimoja na kingine?

Wamaya waliandika tarehe kwa hesabu ndefu ya siku zilizopita tangu mwanzo wa kalenda yao, na hesabu hiyo haina shaka. Siku ya kutawazwa kwa Pakal ni 9.9.2.4.8. Tofauti huanza pale tunapoihamishia kwenye kalenda yetu. Wataalamu wana viwango viwili vya kulinganisha vinavyopishana kwa siku mbili. Isitoshe, wengine hutoa tarehe kwa kalenda ya Juliasi na wengine kwa ya Gregori, ambazo katika karne ya 7 zilipishana kwa siku tatu. Kwa hiyo ukikutana na tarehe 24 Julai, 26, 27 na 29 kwa tukio hilo hilo, hakuna aliyekosea. Hapa tumetaja mwezi na mwaka tu.

Je, kila piramidi ya Wamaya ni kaburi?

Hapana. Kazi ya kwanza ya piramidi ilikuwa kulibeba hekalu juu, mahali pa kufukiza ubani na kutoa sadaka. Nyingi, hata hivyo, zina makaburi ndani au chini yake. Kule Tikal, Guatemala, mfalme Jasaw Chan K'awiil alizikwa chini ya Hekalu la Kwanza, na kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1962. Kule Copán, Honduras, hekalu namba 16 lilipandishwa juu ya mengine ya zamani, moja baada ya jingine, na chini kabisa kuna kaburi linalodhaniwa kuwa la mwasisi wa ukoo, K'inich Yax K'uk' Mo'.

Kinachoipa Palenque nafasi ya pekee ni kwamba kaburi lilikuwa na ngazi yake ya kushukia kutoka ndani ya hekalu. Kwingine kwingi, kaburi likishafungwa lilifukiwa na njia ikapotea.

Inatofautiana vipi na piramidi za Misri?

Umri kwanza: Piramidi Kuu ya Giza inaizidi hii kwa zaidi ya miaka 3,000, na hakuna ushahidi wowote kwamba watu wa pande hizo mbili waliwahi kukutana. Umbo pia. Ya Giza inaishia kwenye ncha na haikukusudiwa kupandwa. Ya Palenque ina kilele bapa, ngazi na jengo la ibada lililotumika na walio hai. Ukitafuta mfano wa karibu zaidi barani Afrika, tazama Meroe nchini Sudan, ambako chumba cha maiti kilichimbwa ardhini na piramidi ikasimamishwa juu yake. Hata huko, ngazi ya kushukia ilianzia nje, mbele ya piramidi.

## Ujenzi

Kipi kilitangulia, kaburi au piramidi?

Kaburi. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika kuhusu jengo hili, na ushahidi wake ni vipimo. Jeneza ni jiwe moja lililochongwa, lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2.10 na kimo cha mita 1.10, uzito wake ukikadiriwa kuwa tani 15. Mfuniko wake una urefu wa mita 3.80 na upana wa mita 2.20, unene sentimita 25, uzito kama tani 5. Njia ya ngazi ni nyembamba kuliko mawe hayo, kwa hiyo haiwezekani yaliteremshwa baadaye. Yaliwekwa mahali pake kwanza, chumba kikajengwa kuyazunguka, kisha piramidi ikapandishwa juu huku ngazi ikiachiwa nafasi ndani ya kifusi.

Kazi ilianza Pakal akiwa hai, mnamo miaka ya 670. Alipofariki, maiti yake iliteremshwa kwa ngazi ya ndani. Aliyeikamilisha kazi ni mwanawe, K'inich Kan Bahlam, aliyetawazwa Januari 684, na maandishi ya hekaluni yanafikia hadi kutawazwa kwake.

Chumba kimebeba uzito wote huo. Kwa nini hakikuporomoka?

Kwa sababu ya paa lake na mihimili yake. Wamaya hawakutumia tao la duara. Walipanga mawe kutoka kuta mbili zinazotazamana, kila mstari ukisogea ndani kidogo kuliko ulio chini yake, mpaka pande zikakaribiana na pengo la juu likafunikwa kwa bamba. Paa la namna hii haliwezi kufunika nafasi pana, lakini linaweza kwenda juu sana. Ndiyo maana chumba kina urefu wa kama mita 9, upana wa mita 4 tu, na kimo cha karibu mita 7.

Mihimili ya mawe yaliyosuguliwa ilipitishwa kutoka ukuta hadi ukuta ili kuta zisisukumwe ndani. Sakafu ya chumba iko chini ya usawa wa uwanja wa nje, kwa hiyo uzito unashuka moja kwa moja ardhini.

Chokaa yao ilitengenezwaje?

Mawe ya chokaa yalivunjwavunjwa, yakapangwa juu ya tanuri la kuni mbichi, yakachomwa mpaka yakalainika. Kisha yalizimwa kwa maji na kuachwa yapoe. Unga uliopatikana ulichanganywa na mchanga wa chokaa laini na kuwa udongo wa kujengea. Uliochekechwa vizuri ulitumika kupiga lipu na kufinyanga sanamu za ukutani. Kosa la kawaida lilikuwa kutochoma vya kutosha: punje zisizoiva hubaki ndani, na lipu hupasuka baadaye.

Sanamu za lipu zilizo kwenye nguzo za hekalu zimeharibika sana kwa mvua, ila bado unaweza kuona mtu mzima amempakata mtoto ambaye mguu wake mmoja ni nyoka. Hiyo ni alama ya mungu K'awiil, mlinzi wa nasaba za kifalme.

Ule "mrija wa roho" ni kitu gani?

Ni mfereji mwembamba wa mawe, wenye uwazi ndani, unaoanzia kwenye jeneza ukiwa na umbo la nyoka, ukatoka chumbani, ukafuata kando ya ngazi hadi chini ya sakafu ya hekalu. Mchimbaji wa kwanza, Alberto Ruz, aliona kwamba ulikusudiwa kuunganisha aliyekufa na waliokuja kumwomba juu. Tafsiri hiyo ina nguvu, kwa kuwa mfereji hauna kazi nyingine: haukusanyi maji, na hewa ilikuwa na matundu yake mengine yaliyotokea ubavuni mwa piramidi. Aliyesimama hekaluni hakuwa amekatiwa mawasiliano na mfalme wake.

Na mfereji wa maji uliotangazwa mwaka 2016?

Huo ni tofauti na mrija wa roho. Kikosi cha mwanaakiolojia Arnoldo González Cruz kilifuatilia kasoro ambazo rada ya ardhini ilikuwa imezionyesha mbele ya ngazi, kikakuta mfereji wa mawe unaopitisha maji ya chemchemi chini ya jengo. Wapo wanaouona kama njia ya mfalme kuingia majini, maana kwa Wamaya kufa kulielezwa pia kama kuingia majini. Wengine wanasema ni kazi ya kihandisi tu ya kuelekeza maji yasidhoofishe msingi. Kwa maoni yetu hakuna haja ya kuchagua moja: Palenque nzima imejaa mifereji, na wajenzi wake waliyaheshimu maji kwa namna zote mbili.

## Ugunduzi

Nani aliligundua kaburi, na aliona nini ambacho wengine hawakukiona?

Alberto Ruz Lhuillier, mwanaakiolojia wa Meksiko. Wasafiri walikuwa wakipanda hekaluni kwa zaidi ya karne moja na kukanyaga jibu bila kujua. Kwenye sakafu kulikuwa na bamba kubwa lenye safu mbili za matundu ya duara yaliyozibwa kwa vizibo vya mawe. Waliotangulia waliona matundu. Ruz aliangalia ukuta. Aligundua kwamba ukuta wa hekalu hauishii sakafuni, unaendelea kushuka. Ukuta ukishuka chini ya sakafu, chini kuna chumba. Mwaka 1949 aliliinua bamba na kukuta ngazi iliyojazwa kifusi hadi juu. Yale matundu yalikuwa ya kupitishia kamba za kulinyanyulia.

Mbona kuifungua ngazi kulichukua misimu minne?

Kwa sababu ilizibwa kwa makusudi. Mawe makubwa yalishikamanishwa kwa udongo na chokaa, katika njia nyembamba, yenye joto na hewa nzito, na kila jiwe lilipaswa kuvutwa juu kwa kamba. Msimu wa uchimbaji ulikuwa mfupi, kwa kuwa mvua za Chiapas hazikubali kazi ya mwaka mzima. Ngazi ina zaidi ya vidato 60. Inashuka upande mmoja hadi kwenye kituo, kisha inageuka na kushuka tena.

Chini walikuta kwanza sanduku la mawe la sadaka: vyombo vya udongo, makombe ya baharini, vito vya jiwe la kijani liitwalo jedi, na lulu moja yenye umbo la chozi, urefu wa milimita 13. Kisha mifupa, ambayo ina swali lake hapo chini. Kisha, kando, bamba la pembetatu lililosimama wima. Lilisogezwa Juni 1952. Ruz alipomulika ndani aliona chumba kilichopambwa na matone ya chokaa ya karne nyingi, yakining'inia kutoka paani kama mapazia meupe, na sanamu tisa za lipu ukutani. Katikati chumba kizima kilijazwa na jiwe moja lililochongwa.

Walijuaje kwamba lile jiwe ni jeneza? Na mfuniko wa tani tano uliinuliwaje bila kuvunjika?

Hawakujua. Kwa miezi kadhaa Ruz alidhani huenda ni madhabahu. Ili kuhakikisha, walitoboa tundu jembamba kwenye kona ya jiwe la chini. Baada ya kuingia zaidi ya mita moja na nusu, kekee ikatokea kwenye uwazi. Wakaingiza waya, nao ukatoka na chembe za rangi nyekundu. Kwa Wamaya wekundu ni rangi ya mashariki, liliko jua linalochomoza, na makaburi yao ya heshima mara nyingi hupakwa rangi hiyo. Hapo ikawa dhahiri.

Kuinua ilikuwa kazi ya Novemba 1952, na utaratibu wake unafaa kuelezwa hatua kwa hatua. Mti mgumu ulikatwa msituni, ukapasuliwa vipande vya magogo, na magogo yakateremshwa kwa kamba kupitia ile ngazi. Yalisimamishwa chini ya kona nne za mfuniko, na juu ya kila gogo ikawekwa jeki ya lori. Jeki zote zilipandishwa kwa pamoja, kidogo kidogo, kwa sababu kona moja ikitangulia, jiwe lenye unene wa sentimita 25 tu lingepata mkunjo na kupasuka katikati ya mchoro. Kila lilipopanda kidogo, vipande vya mbao vilisukumwa chini yake, ili jeki ikiteleza lisianguke. Liliinuka bila ufa.

Chini yake kulikuwa na mfuniko wa pili, bamba lililosuguliwa na kukatwa sawasawa kuziba uwazi uliochongwa ndani ya jiwe. Lilikuwa na matundu manne yenye vizibo, mtindo ule ule wa bamba la sakafuni. Lilipoondolewa, Pakal alikuwa pale.

Wale waliokutwa nje ya mlango ni akina nani?

Ni mifupa ya watu watano au sita, wengi wao vijana, iliyochanganyika ndani ya sanduku la mawe mbele ya bamba la pembetatu. Waliuawa ili kumsindikiza mfalme au kumlinda mlangoni. Majina yao hayakuandikwa popote. Haipendezi kulisema hili kwa haraka haraka kama sehemu ya mapambo ya kaburi: walikuwa watu, na kifo chao kilikuwa sehemu ya gharama ya ibada hiyo.

## Ndani ya jeneza

Pakal alizikwa na nini?

Jedi, kuliko kitu kingine chochote. Jiwe hili lilitoka bonde la Motagua, Guatemala, mbali kabisa na Palenque, na kwa Wamaya rangi yake ilikuwa ya mahindi machanga, maji na pumzi. Alivaa shanga za mizunguko kadhaa kifuani, bangili, vito vya masikio, na pete kwenye kila kidole. Mkono mmoja ulishika kipande cha mchemraba, mwingine cha duara. Mdomoni aliwekewa ushanga mmoja.

Usoni alikuwa na barakoa ya vipande zaidi ya 300 vya jedi, macho yakiwa ya kombe la baharini na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Barakoa ilikuwa imesambaratika kwa sababu kilichoishikilia kilioza, hivyo sura unayoiona leo ni kazi ya waliounganisha vipande kimoja kimoja. Imeunganishwa upya zaidi ya mara moja.

Ile rangi nyekundu ni damu?

Hapana. Ni sinaba, madini mekundu ya zebaki na salfa, iliyosagwa na kumwagwa juu ya maiti na ndani ya jeneza. Ina sumu. Wanaofanya kazi ndani ya makaburi ya namna hii huvaa glavu na vizuia vumbi, na hawali wala kunywa humo.

Ni kweli barakoa iliibwa?

Kweli. Usiku wa Krismasi ya 1985 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, Jiji la Meksiko, wakaondoka na zaidi ya vitu 100, barakoa ya Pakal ikiwemo. Ilipatikana Juni 1989, pamoja na sehemu kubwa ya vitu vingine.

Mchoro wa juu ya mfuniko unaonyesha nini?

Usome kwa kusimama upande wa miguu ya mfalme, jiwe likiwa wima mbele yako. Chini kabisa kuna taya mbili zilizo wazi zenye mifupa, taya za tandu mkubwa, ambazo ni mlango wa kuzimu. Ndani yake kuna sahani ya sadaka yenye alama ya jua. Juu ya sahani amelala Pakal, magoti yamekunjwa, uso umeinuliwa, amevaa kama mungu wa mahindi. Kutoka nyuma yake unaota mti wa dunia wenye umbo la msalaba, matawi yake yakiishia kwa vichwa vya nyoka, na nyoka mwenye vichwa viwili amejitandaza juu yake. Kileleni ametua ndege wa mbinguni. Pembeni kuna ukanda wa anga wenye alama za jua, mwezi na nyota.

Maana yake inakubaliwa na wengi: mfalme anaingia kuzimu kama jua linavyotua, na anachipuka humo humo kama punje ya mahindi iliyozikwa. Wengine husema anaanguka, wengine anapanda. Mchongaji aliyachanganya yote mawili katika mkao mmoja, na hapo ndipo ukubwa wa kazi yake ulipo.

Kwa hiyo si mwanaanga ndani ya roketi?

Si mwanaanga. Dai hilo lilienea kuanzia mwaka 1968 kupitia kitabu kilichouzwa sana Ulaya, nalo linahitaji uugeuze mchoro ulalie ubavu na usahau michoro mingine yote ya Palenque. Umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka piramidi hii kuna Hekalu la Msalaba, lililozinduliwa na Kan Bahlam mwaka 692. Bamba lake lina mti ule ule, sahani ile ile na ndege yule yule, ila hakuna mtu aliyelala juu yake. "Roketi" ikiondolewa rubani, inabaki mti. "Moto wa injini" ni ndevu na mifupa ya zile taya. "Mrija wa kupumulia" ni kito cha puani, kinachoonekana kwenye picha nyingi za wakuu wa Wamaya.

Tunalijibu kwa urefu kwa sababu dai hili lina ubaya wake: linawanyang'anya Wamaya kazi yao na kuipa viumbe wasiojulikana.

Ubavuni mwa jeneza kuna nini?

Mababu. Sura 10 zimechongwa zikichomoza ardhini, kila moja pamoja na mti wa matunda nyuma yake: kakao, parachichi, pera na mingineyo ya eneo hilo. Wazazi wa Pakal, Sak K'uk' na K'an Mo' Hix, wanaonekana mara mbili kila mmoja. Ukingo wa mfuniko una tarehe za kuzaliwa na kufa kwa Pakal, na za vifo vya waliomtangulia. Jeneza lote ni shamba la ukoo, na mfalme amepandwa katikati yake.

## Yenye mabishano

Alikufa na miaka 80 au 40?

Waliochunguza mifupa katika miaka ya 1950 walikadiria miaka 40 hadi 50, hasa kwa kuwa meno yake hayakulika sana. Maandishi yanasema 80. Ruz mwenyewe alisimama upande wa mifupa mpaka alipofariki mwaka 1979.

Uchunguzi mpya ulioongozwa na Vera Tiesler, uliochapishwa mwaka 2006, uliangalia muundo wa ndani wa mifupa na kukuta dalili za mtu mzee sana. Meno yana maelezo yake: mfalme alikula chakula laini kuliko mkulima aliyetafuna mahindi yenye chenga za jiwe la kusagia. Kipimo kilichotegemea ulaji wa watu wa kawaida kilimpunguzia umri. Kwa sasa maandishi na mifupa vinakubaliana.

Jina lake lilisomwaje ikiwa Ruz hakulijua?

Ruz alijua tarehe, si jina. Mwaka 1973, kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Palenque, Linda Schele, Peter Mathews na Floyd Lounsbury walipanga tarehe za mji mzima na kupata orodha ya wafalme. Jina la Pakal lilithibitika kwa sababu waandishi wa kale walilitaja kwa njia mbili: mara kwa picha ya ngao, mara kwa silabi *pa-ka-la*. Alama ya mkato katika K'inich na Janaab' huwakilisha mkato wa sauti kooni, hivyo usiiache unapoandika.

Malkia Mwekundu ni mke wake?

Huenda. Mwaka 1994, katika Hekalu la XIII lililo ubavuni mwa piramidi hii, lilikutwa jeneza la jiwe lenye mwanamke wa makamo ya juu, amefunikwa kwa sinaba, na barakoa ya malakiti, jiwe la kijani la shaba. Jeneza halina maandishi, ndiyo maana mabishano hayajaisha. Wengi humwona kuwa Tz'akbu Ajaw, mke wa Pakal aliyefariki mwaka 672.

Nasikia maandishi yanataja mwaka 4772. Ni utabiri wa mwisho wa dunia?

Ni kinyume chake. Mabamba yanasema kwamba kumbukumbu ya kutawazwa kwa Pakal itaangukia tena siku yenye jina lile lile Oktoba 4772, siku chache baada ya mzunguko mkubwa wa kalenda kukamilika. Waandishi walitarajia dunia iwepo na Pakal akumbukwe.

Wamaya walitoweka?

Mji ulihamwa, watu hawakutoweka. Tarehe ya mwisho iliyopatikana Palenque ni ya mwaka 799. Leo kuna mamilioni ya Wamaya Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras. Wach'ol na Watzeltal wanaishi pembezoni mwa magofu, na lugha ya mabamba ya Pakal ni ndugu wa karibu wa Kich'ol. Kuandika "Wamaya walikuwa" kana kwamba wamekwisha ni kosa ambalo wanafunzi wetu wengi huliiga vitabuni.

## Kutembelea

Naweza kuingia kaburini?

Hapana. Kaburi limefungwa kwa wageni, na ngazi ya mbele hairuhusiwi kupandwa. Sababu ni pumzi na jasho: kila mtu anayeshuka huongeza unyevu na joto, maji hujikusanya ukutani, chumvi hutoka kwenye mawe, na lipu humomonyoka. Miaka ya wageni wengi iliacha madhara ambayo hayarudishiki.

Mabaki ya Pakal, jeneza na mfuniko bado viko chini ya piramidi. Nakala ya ukubwa kamili iko kwenye makumbusho ya Palenque, kando ya barabara ya kwenda kwenye magofu. Nakala nyingine, pamoja na barakoa halisi na vito, viko Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, Jiji la Meksiko, ambayo hufungwa Jumatatu. Ukiwa magofuni, ulizia getini kama Hekalu la XIII liko wazi siku hiyo. Jeneza la Malkia Mwekundu hutazamwa pale pale lilipokutwa.

Nifikeje, na niende wakati gani?

Wengi huruka hadi Villahermosa, kisha hupanda basi hadi mji wa Palenque, safari ya takribani kilomita 140. Kutoka mjini hadi magofuni ni kama kilomita 8, na magari madogo ya abiria huenda na kurudi siku nzima. Februari hadi Aprili mvua huwa chache. Kuanzia Juni mawe huteleza na mawingu hushuka hadi juu ya hekalu. Fika geti linapofunguliwa asubuhi: mbele ya piramidi ni uwanja wazi, na ikifika saa tano jua huwa kali na unyevunyevu wa msitu huchosha haraka. Beba maji, kofia na viatu vyenye kukamata.

Ukisimama mbele ya ngazi, tafuta pia kaburi dogo la kisasa lililo ng'ambo ya piramidi. Ni la Alberto Ruz.